Kupanda Mipapai kwa Mbegu katika Nchi ya Baridi

Mpapai ni mti wa nchi za joto. Katika Kenya hustawi zaidi pwani na katika sehemu za chini zenye jua kali. Hata hivyo, wako wakulima wa Nyeri na Limuru watamanio kuwa na miti michache karibu na nyumba, ili watoto wapate matunda bila ya kuyanunua sokoni. Jambo hilo lawezekana, lakini si kwa kutupa mbegu jalalani na kuiachia mvua kazi yote.

Kazi huanza katika tunda lenyewe. Yafaa lichaguliwe papai lililoivia mtini, la mti uliozoea kuzaa penye baridi. Kila mbegu imefunikwa na ngozi nyembamba yenye ute, nayo huchelewesha kuota. Basi mbegu zisuguliwe kwa jivu au mchanga mpaka ngozi hiyo itoke, zioshwe, kisha zianikwe kivulini.

Penye joto mbegu huota baada ya majuma 2 au 3. Penye baridi huenda zikakaa zaidi ya mwezi, na wengi hukata tamaa wakazifukua bure. Ni heri kuzipanda katika makopo yaliyotobolewa chini, yakae juani mchana na jikoni usiku. Udongo uwe na unyevu, lakini usiwe tope, maana miche hunyauka na kuoza. Ifikapo kimo cha inchi 8 hivi, na baridi ya Juni hadi Agosti ikiwa imekwisha, ihamishwe pamoja na udongo wake.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuchagua bondeni penye rutuba na maji. Hewa ya baridi ni nzito; usiku huteremka na kutuama bondeni, na huko ndiko sakitu huonekana kwanza. Tena maji yakituama penye mizizi kwa siku 2 tu, mpapai waweza kufa. Mahali pema ni mteremkoni, penye jua la kutosha, na ukuta au ua wa kuzuia upepo.

Kila shimo litiwe samadi na miche 3, kwa sababu mche mchanga haujulikani kama ni dume au jike. Mipapai ikitoa maua, dume hutambulikana kwa vishada virefu vyenye kuning'inia, na jike kwa maua makubwa yaliyo karibu na shina. Ndipo mkulima aache mti mmoja katika kila shimo, na dume 1 kwa majike 10 hivi. Akiyang'oa madume yote, majike huenda yakakosa kuzaa.

Mkulima asitazamie utamu wa mapapai ya pwani, kwani tunda likikosa joto hupungukiwa na sukari. Mahali palipo juu sana, ni afadhali kupanda mpapai wa milimani, ambao asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini. Matunda yake ni madogo, ya manjano na yenye harufu nzuri, na kwa kawaida hupikwa kwa sukari. Mwenye kuchagua mti unaolingana na nchi yake hatapoteza mwaka mzima akingojea matunda yasiyokuja.