Kiangazi cha Mtakatifu Martino: joto linalongojewa Ulaya mwezi wa Novemba

Maneno mawili ya Kifaransa, «été indien», huwasumbua watafsiri kuliko ufupi wake unavyoonyesha. Wengi wetu tuliyasikia kwanza katika wimbo wa Joe Dassin wa mwaka 1975, ambao muziki wake, jambo la kuchekesha kidogo, ulichukuliwa kutoka wimbo wa kundi la Kiitalia la Albatros uitwao «Africa». Mwanafunzi akiyakuta maneno hayo katika riwaya hushawishika kuandika «kiangazi cha Kihindi», kisha akageuza ukurasa. Sarufi yake haina kasoro. Lakini Bara Hindi halimo katika jambo hili, na kiangazi tunachokijua sisi hakimo pia. Makala haya yanakusudia kueleza jambo lenyewe: siku chache za joto lisilo la kawaida ambazo hujitokeza katika nchi za kaskazini mwaka unapoelekea kwisha, pamoja na watu wanaozingojea. Suala la jina tutalirudia mwishoni, kwa kuwa haliwezi kuamuliwa kabla ya kukielewa kile kinachoitwa.

Yafaa kwanza kuondoa kikwazo cha majira. Lubumbashi iko nyuzi 11 na nusu hivi kusini ya ikweta, juu ya uwanda wa mita 1200. Kiangazi chetu ni wakati usio na mvua, tangu Mei hadi Septemba. Asubuhi za Juni na Julai ni za koti na moto wa makala, na joto kali huja Oktoba, mvua zikiwa karibu. Mtu aliyezaliwa hapa akisoma kwamba kiangazi kimerudi London mwezi wa Novemba, aweza kufikiri vumbi na baridi ya alfajiri, kinyume kabisa cha maana iliyokusudiwa. Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo ina hesabu yake: vuli ni mvua ndogo za Oktoba hadi Disemba, ingawa vitabu vingi vimelitwika neno hilo mzigo wa «automne». Wengine hupendelea «demani», ambayo nayo ina maana yake kwa mabaharia. Hapa tutasema «majira ya kupukutika», yaani wakati ambapo majani ya miti hugeuka rangi na kuanguka. Jina hili ni refu kidogo, lakini msomaji wa popote ataliona kwa macho.

Sasa tuutazame mji wa London, ulio nyuzi 51 na nusu kaskazini. Tarehe 11 Novemba, jua la saa sita mchana hupanda pale nyuzi 21 hivi tu juu ya upeo wa macho, na mchana mzima hudumu saa tisa na dakika chache. Siku hiyo hiyo, Lubumbashi, jua karibu linasimama utosini. Jua dhaifu namna ile haliwezi kuipasha ardhi joto la maana. Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima: joto la Novemba ya Ulaya halizaliwi mahali linapohisiwa. Huletwa na hewa kutoka mbali, na hewa hiyo ikiacha kuja, joto hukoma siku ile ile.

Watu wa kale hawakulieleza hivyo. Waliona kwamba baada ya baridi ya kwanza huja siku za utulivu na jua, wakazipa jina la mtakatifu wa karibu katika kalenda. Ndivyo Wafaransa walivyopata «été de la Saint-Martin», na Waitalia, Wahispania na Wareno wana majina ya namna hiyo hiyo. Martino alikuwa askari wa Kiroma, baadaye askofu wa Tours. Alizikwa tarehe 11 Novemba 397, na siku hiyo ndiyo sikukuu yake. Msomaji aliyepitia katekisimu anakumbuka kwamba alilikata joho lake kwa upanga akampa maskini nusu yake. Masimulizi ya watu huongeza kwamba mbingu ililipa wema huo kwa kuleta joto ghafla. Waingereza walikuwa na jina hilo pia, na Shakespeare alilitumia katika sehemu ya kwanza ya tamthilia yake juu ya Mfalme Henry VI. Wajerumani husema «Altweibersommer», na Warusi «babye leto», yote mawili yakiwataja wanawake, ila siku hizo kwao huangukia mapema zaidi, mara nyingi Septemba. Ama jina la «Indian summer» lilizaliwa Amerika ya Kaskazini. Limo katika maandishi ya Crèvecœur, Mfaransa aliyekuwa mkulima katika jimbo la New York, mwaka 1778. «Indian» hapa huchukuliwa kuwa ni wenyeji wa asili wa Amerika. Sababu ya kuwahusisha na joto hilo imebuniwa mara nyingi, na haijathibitishwa hata mara moja.

Je, siku hizo huja kweli kwa tarehe yake? Swali hili linastahili uangalifu, kwa maana ndilo linalowatenga wapenzi wa hali ya hewa na watungaji wa methali. Kwanza, tarehe zenyewe zilihama. Papa Gregorio XIII alipoirekebisha kalenda mwaka 1582, siku kumi zilifutwa. Uingereza iliifuata mwaka 1752 tu, ikifuta siku kumi na moja. Kwa hiyo sikukuu ya Martino ambayo Waingereza wa zama za Shakespeare waliiadhimisha ilianguka katika siku ambayo sisi leo tungeiita 21 Novemba. Ikiwa anga ilikuwa na desturi ya kumheshimu mtakatifu huyo, ingebidi iulize ni kalenda ipi.

Pili, kuna kazi ya Alexander Buchan, katibu wa chama cha metorolojia cha Scotland, ambaye katika miaka ya 1860 alichambua vipimo vya nchi yake akitafuta vipindi vinavyokatiza mwendo wa kawaida wa joto la mwaka. Alivipata: sita vya baridi na vitatu vya joto. Vile vya joto viliangukia kati ya Julai, kati ya Agosti, na tarehe 3 hadi 14 Disemba. Na kati ya vile vya baridi, kimoja kilikuwa tarehe 6 hadi 13 Novemba. Yaani siku zile zile ambazo Mfaransa alitazamia joto la Martino, Mskoti aliandikiwa baridi! Wachunguzi waliomfuata, wakiwa na vipimo vya miaka mingi zaidi, waliona kwamba vipindi vya Buchan havina uthabiti wa kutegemewa. Mfululizo mwingine wa miaka hutoa tarehe nyingine. Joto la mwisho wa mwaka lipo, lakini halina miadi.

Tuseme basi linavyotokea. Mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni mkubwa, katika nusu ya kaskazini ya dunia, pepo huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Mahali ambapo ni mdogo, huzunguka kinyume. Ikitokea eneo la mgandamizo mkubwa likatulia juu ya Ulaya ya kati au mashariki, huku eneo la mgandamizo mdogo likikaa katika Atlantiki upande wa magharibi, kati yao hufunguka kama mlango, na hewa ya Hispania, ya Azores, au hata ya Sahara, humiminika kuelekea kaskazini. Hali hiyo yaweza kudumu siku mbili au kumi. Milima huongeza fungu lake: hewa inayoshuka mteremko hubanwa, na ikiwa kavu hupata nyuzi moja ya joto kwa kila mita 100 inazoshuka. Mnamo 1 Novemba 2015 kituo cha Trawsgoed, Wales, kilipima nyuzi 22,4, kiwango cha juu kupita vyote vilivyopata kuandikwa Uingereza kwa mwezi wa Novemba. Mahali hapo pako magharibi ya milima ya Wales, upande ambao upepo wa kusini-mashariki hushukia.

Lakini siku hiyo hiyo sehemu kubwa za Uingereza zilikuwa chini ya ukungu mzito, na hapa tunagusa jambo linalowauma sana wanaongojea. Mgandamizo mkubwa huleta anga tulivu. Katika usiku mrefu wa Novemba ardhi hupoa haraka, hewa iliyo karibu nayo hupoa pamoja nayo, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hulala bondeni bila kuchanganyika na ile ya juu. Unyevu wake hugeuka ukungu. Nasi tumeona kwamba jua la wakati huo ni dhaifu. Mara nyingi halina nguvu ya kuuyeyusha ukungu huo hadi jioni inaingia tena. Kwa hiyo, kilimani watu hutembea bila koti, na mita mia tatu chini yao mji unatetemeka chini ya mfuniko wa kijivu. Ramani za wapenzi wa hali ya hewa huonyesha hasa joto la hewa ya kimo cha mita 1500 hivi. Ramani yaweza kuwa nyekundu kabisa, na kipimajoto cha bustani kisipande hata nyuzi saba.

Watu hao ni akina nani? Si wataalamu wote, wala si wapya. Luke Howard, aliyeyapa mawingu majina ya Kilatini yatumikayo hata leo, alikuwa mtengeneza dawa wa London. Alitoa pendekezo lake mwaka 1802. John Dalton, mwalimu, ambaye dunia inamjua kwa nadharia ya atomi, aliandika shajara ya hali ya hewa tangu 1787 hadi jioni ya kuamkia kifo chake mwaka 1844. Warithi wao leo ni walimu, makarani, wastaafu na wanafunzi. Nyuma ya nyumba huweka sanduku jeupe lenye kuta za vibao vilivyoinama, ambamo kipimajoto hupata hewa bila kupigwa na jua. Sanduku hilo lilibuniwa na Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa, baba wa mwandishi wa riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la «Kisiwa chenye Hazina».

Kazi yao ya kungojea ilibadilika tangu kituo cha pamoja cha Ulaya kilichoko Reading kilipoanza kutoa utabiri wa siku kadhaa mwaka 1979. Mtaalamu wa Marekani Edward Lorenz alikwisha onyesha mwaka 1963 kwamba tofauti ndogo mno ya mwanzo huweza kukua hadi kuupotosha utabiri wote. Ndiyo maana, tangu 1992, kituo hicho hakitoi utabiri mmoja tu bali kundi zima, kila mmoja ukianza na hali iliyogeuzwa kidogo. Siku hizi ni 50 na mmoja wa msingi. Mpenzi wa hali ya hewa huitazama michoro yao kama uzi wenye nyuzi nyingi. Siku tatu za kwanza nyuzi hukaa pamoja. Baadaye hutawanyika. Zikiwa, kwa siku ya tisa au ya kumi, bado zimekusanyika juu ya kiwango cha kawaida, moyo wake huanza kudunda. Kumi zikipanda na arobaini zikibaki chini, mwenye busara hunyamaza. Asiye na busara huchagua ule mmoja mwekundu kuliko yote na kuwatangazia jirani zake. Mkulima wa kwetu anayajua mashaka hayo kwa sura nyingine: mvua ya kwanza ya Oktoba inanyesha, anapanda, kisha siku za jua kavu zinafuata na mbegu zinaoza au kuliwa na ndege. Tofauti ni kwamba yeye hupoteza shamba. Mpenzi wa Ulaya hupoteza fahari yake tu.

Hata hivyo si mchezo mtupu kwa wote. Siku kumi za joto Novemba hupunguza kuni, gesi na mafuta ya kupasha nyumba. Kwa upande mwingine, huwaacha hai vidukari ambao huambukiza shayiri na ngano changa virusi vya umanjano. Na kuna swali zito zaidi: «kisicho cha kawaida» hupimwa kwa wastani wa miaka 30, na wastani wa 1991 hadi 2020 umepanda juu ya ule wa 1961 hadi 1990. Oktoba ya 2022 nchini Ufaransa ilikuwa na joto kuliko Oktoba yoyote tangu 1945. Mtu asiharakishe, lakini, kuifanya kila siku ya jua kuwa ushahidi: katika vipimo vya Uingereza ya kati, vinavyoanzia mwaka 1659, Novemba yenye joto kuliko zote ni ya 1994, wastani wa nyuzi 10,1, na hadi 2024 ilikuwa haijapitwa. Kupanda kwa joto la dunia huonekana katika jumla ya miaka. Siku moja ni kazi ya upepo.

Turudi kwa mtafsiri. «Kiangazi cha Kihindi» kiachwe. Ikiwa riwaya ni ya Kifaransa na Mtakatifu Martino ana kazi katika masimulizi, «joto la Mtakatifu Martino» litaeleweka na wasomaji wetu, hasa tarehe ikitajwa. Ikiwa ni ya Québec au ya Marekani, «joto la kupita» lafaa, kwa kuwa lasema kwamba limekuja na litaondoka, na halimpeleki msomaji katika vumbi la Julai. Na mwandishi akitaja utulivu wa hewa bila kutaja jua, mtafsiri asiliongeze jua kwa hisani yake. Huenda wahusika wako bondeni, ndani ya ukungu.