Mkazo wa utando wa seli na endositosi

Mkazo wa utando wa seli ni nguvu inayouvuta utando unaozunguka seli, kama ngozi ya ngoma inavyovutwa inapowambwa. Endositosi ni njia ambayo seli hutumia kuingiza vitu kutoka nje: sehemu ya utando hubonyea, hufanya kifuko, kisha kifuko hicho hukatika na kubaki ndani kikiwa na virutubisho, homoni au hata virusi. Mambo haya mawili hudhibitiana. Mkazo ukiwa mkubwa endositosi huwa ngumu. Endositosi ikizidi, mkazo hupanda.

== Jinsi yanavyodhibitiana ==

Utando wa seli umeundwa na tabaka mbili za lipidi pamoja na protini nyingi. Huweza kupindika kwa urahisi, lakini hautanuki sana: eneo lake likiongezeka kwa asilimia chache tu, hupasuka. Kwa hiyo kila kifuko kinachoingia ndani hupunguza utando uliopo juu, na uliobaki hukazika zaidi. Si kiasi kidogo. Makrofaji, ambazo ni seli za kinga zinazomeza vijidudu, huweza kuingiza utando wenye eneo sawa na uso wao wote kwa muda wa takriban nusu saa. Haziishi utando kwa sababu ya eksositosi, yaani vifuko kutoka ndani kurudi juu na kuungana na utando, jambo linalolegeza mkazo tena.

Katika endositosi iliyo maarufu zaidi, protini iitwayo klathrini hujipanga kama kapu chini ya utando na kuupa umbo la kifuko. Utando uliokazika hulipinga kapu hilo. Hapo seli huita msaada wa aktini, protini inayofanya nyuzi za kiunzi cha seli. Nyuzi hizo husukuma kifuko mpaka kikamilike. Seli nyingi pia huwa na vishimo vidogo viitwavyo kaveola. Mkazo ukipanda ghafla, vishimo hivyo hunyooka na kutoa utando wa akiba, kama mikunjo ya nguo inavyofunguka nguo inapovutwa.

Mkazo hupimwa kwa kunasisha kishanga kidogo sana kwenye utando na kukivuta kwa miali ya leza. Utando hutoa uzi mwembamba, na nguvu inayohitajika kuushika uzi huo huonyesha mkazo, ingawa kipimo hiki huchanganya pia nguvu inayoushikiza utando kwenye kiunzi cha seli. Mwaka 1999 Drazen Raucher na Michael Sheetz walionyesha kwamba wakati seli inapogawanyika mkazo hupanda na endositosi hupungua. Kama kweli endositosi ya klathrini hukoma wakati huo ni jambo ambalo watafiti wengine wamelipinga baadaye.

== Dantu na malaria huko Kilifi ==

Mfano wa karibu kwa wasomaji wa Afrika Mashariki ni seli nyekundu za damu. Seli hizi zikishakomaa hazifanyi endositosi, kwa hiyo mfano huu si endositosi kamili. Hata hivyo vimelea vya malaria, *Plasmodium falciparum*, vinapoingia humo hubonyeza utando na kujizungushia kifuko kinachotokana kwa sehemu na utando wa seli yenyewe. Kizuizi cha kifizikia ni kilekile: utando uliokazika haukubali kukunjwa.

Baadhi ya watu wa pwani ya Kenya wana kundi la damu liitwalo Dantu. Hutokana na mabadiliko katika jeni mbili zilizo jirani, zinazotengeneza protini za glikoforini A na B, ambazo zimeungana na kutoa protini mseto. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba nakala moja ya Dantu hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40, na nakala mbili hupunguza zaidi. Sababu ilikuwa bado fumbo, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba vimelea vinakosa tu mlango wa kushikia.

Mwaka 2020 kundi la Silvia Kariuki na wenzake, wakiwemo watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi, lilichapisha jibu katika jarida la *Nature*. Walichukua damu ya watoto wenye Dantu na wasio nayo, wakaangalia kwa hadubini jinsi utando unavyotetemeka wenyewe. Utando uliokazika hutetemeka kidogo. Seli za Dantu zilikuwa na mkazo mkubwa zaidi kwa wastani. Zaidi ya hayo, hata kwa watoto wasio na Dantu, seli zilizokazika kupita kiwango fulani ziliingiliwa kwa nadra. Kimelea hufika, hugusa, hushikilia, kisha hushindwa kupenya.

Kwa kuwa mkazo hutofautiana kati ya seli na seli ndani ya mtu yuleyule, kinga ya Dantu si ya ndiyo au hapana. Mwenye Dantu bado ana seli zilizolegea ambazo vimelea huweza kuingia, na bado huweza kuugua.