Cedar Breaks: Uzuri wa Miamba Penye Hewa Nyepesi

Kusini mwa jimbo la Utah, Marekani, ardhi imemomonyoka na kufanya bonde mfano wa bakuli, lenye kina cha takriban mita 600 na upana wa takriban kilomita 5. Hapo ni Cedar Breaks, eneo linalohifadhiwa na serikali ya nchi hiyo tangu mwaka 1933. Nguzo na kuta zake za mawe ya chokaa zimechongwa na mvua, upepo na barafu iliyoganda na kuyeyuka ndani ya nyufa. Chuma kilichoshika kutu kimezipa rangi nyekundu, ya machungwa na ya manjano. Manganizi imeongeza zambarau.

Wageni huitazama mandhari hiyo kutoka ukingoni, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya lami huwafikisha huko kutoka mji wa Cedar City, ulio kwenye takriban mita 1,800, kwa muda usiozidi saa moja. Wepesi huo ndio hatari yenyewe, kwani mwili haukupata nafasi ya kuzoea. Mgandamizo wa hewa ukipungua, kila pumzi huingiza takriban asilimia 70 tu ya oksijeni ambayo ingepatikana pwani.

Hata mwenye afya njema hutweta anapotembea. Anayelala huko huweza, baada ya saa 6 hadi 12, kuumwa na kichwa, kupata kichefuchefu, kizunguzungu na kukosa usingizi. Apumzike, asipande zaidi. Dalili zikizidi, ateremke. Anayetweta hata akiwa ameketi, anayepepesuka au kuchanganyikiwa ateremshwe mara moja, na asiachwe peke yake.

Kwa mgonjwa wa moyo, mapafu au selimundu, safari ianzie kliniki. Upungufu wa oksijeni huweza kuzigeuza seli nyekundu za mwenye selimundu kuwa na umbo la mundu, zikaziba mishipa na kuleta maumivu makali. Hivyo mhudumu wa afya asiulize nchi pekee. Aulize pia urefu wa mahali na mgonjwa atalala wapi. Wengine watashauriwa kulala bondeni na kukaa ukingoni kwa muda mfupi. Wengine, wasiende kabisa.

Aliyeruhusiwa atembee polepole. Njia ya kuelekea Spectra Point, penye misonobari iliyoishi zaidi ya miaka 1,500, huteremka wakati wa kwenda. Mlima hungoja wakati wa kurudi.