Waridi Jekundu Lirudi Uani na Harufu Yake

Siku hizi harusi za Mombasa, Malindi na hata Lamu hazikosi mawaridi mekundu. Yamefungwa utepe, yamepangwa mbele ya bibi harusi, kila moja limenyooka kama askari wa gwaride. Lakini mtazame bibi yeyote wa makamo akikabidhiwa moja. Halitazami kwanza, bali hulipeleka puani. Kisha hulishusha polepole, akaliweka kando asiseme neno. Amenusa majani matupu.

Sisi watu wa Pwani ua tumelijua kwa pua kabla ya jicho. Asmini ni kiua kidogo tu, mkadi hauna sura ya kusifiwa, na rihani twaipendea majani yake; lakini bila ya hivyo kikuba hakifungwi. Waridi lilibahatika kupewa vyote viwili, sura na harufu. Wageni wa maulidi hunyunyiziwa marashi ya mawaridi kwa mrashi, na halwa ya Oman hutiwa maji ya waridi. Jina lenyewe tumelitwaa katika Kiarabu, na waliopita chuoni watakumbuka kuwa Suratul-Rahman imelitaja pale inapoeleza mbingu zitakapopasuka, na rihani nayo imo katika sura hiyo hiyo. Nasi washairi tumelitumia waridi kwa mafumbo ya mapenzi hata neno limekaribia kuchakaa. Sasa iwapo ua lenyewe halinukii, mafumbo hayo yasimame juu ya nini?

Waridi la dukani aghalabu latoka bara, hasa pande za Naivasha, ambako hulimwa kwa wingi ndani ya vibanda vya plastiki kwa ajili ya soko la Ulaya. Ua hilo lina safari ndefu: likatwe, lipande ndege, liuzwe Uholanzi, kisha likae siku nyingi chomboni bila kunyauka. Kwa hiyo wenye kuzalisha aina mpya wakachagua shina refu, petali ngumu na maisha marefu. Harufu haikuwa bidhaa, ikaachwa njiani. Mwaka 2015 wataalamu wa Ufaransa walichapisha utafiti katika jarida la Science, ambamo walilinganisha waridi liitwalo Papa Meilland, linalonukia sana, na Rouge Meilland, lisilonukia. Waliona kwamba kimeng'enya kimoja, RhNUDX1, kinafanya kazi kwa nguvu katika la kwanza, na katika la pili ni kama kimelala. Hicho ndicho kinachosaidia kutengeneza geranioli, mojawapo ya mafuta yanayolipa waridi harufu yake.

Si haki basi kusema kwamba mawaridi yote ya kisasa yamekufa pua. Waridi hili la shina refu na tumba lililochongoka ni chotara. Miwaridi ya Kichina, yenye kuchanua mara kwa mara, ilipofika Ulaya, baadhi yake ilisemekana kunukia majani ya chai. Ikachanganywa na ya huko. La France, lililotolewa na Guillot wa Ufaransa mwaka 1867, ndilo huhesabiwa la kwanza katika ukoo huo, ambao mpaka leo huitwa chotara wa chai. Mwaka 1935 Kordes wa Ujerumani akatoa Crimson Glory, jekundu la mahameli, lenye harufu nzito na shingo dhaifu. Mjukuu wake, Chrysler Imperial wa mwaka 1952, alipewa jina la motokaa (ajabu ya Wamarekani!), akachanganywa na Charles Mallerin, na ndoa hiyo ikazaa ndugu watatu mikononi mwa watu mbalimbali: Papa Meilland huko Ufaransa mwaka 1963, na Mister Lincoln na Oklahoma huko Marekani mwaka 1964. Wote ni wekundu wa kuiva, na wote wananukia.

Ukiniuliza nichague, kwa harufu nitamtaja Papa Meilland, lakini huyo ni kama mwana aliyedekezwa: kila maradhi ya majani yakipita mtaani humpitia yeye kwanza. Kwa ua wa nyumba ya Pwani, Mister Lincoln ni mstahamilivu zaidi, ingawa hurefuka kupita kimo cha mtu. Mwenye nafasi ndogo zaidi atafute Chrysler Imperial, ambaye ni mfupi na hapendi baridi. Miche hii hubebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine wenye nguvu. Huko Florida, Marekani, nchi ya mchanga na joto, wakulima hupendelea shina la Fortuniana kwa sababu linastahamili minyoo ya mizizini, ukilipata, usiliache. Wala usinunue kwa jina tu, maana kwa wauzaji wengine kila waridi jekundu ni Mister Lincoln. Ngoja mche uchanue, ulinuse, ndipo utoe pesa.

Sasa tuje kwenye taabu yenyewe. Adui wa kwanza wa mwaridi kwetu ni jiwe la matumbawe. Udongo wa Mombasa na Lamu umejaa chokaa, na mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Ukiupanda moja kwa moja ardhini, utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake imebaki kijani. Chuma kimo udongoni lakini mizizi haiwezi kukitwaa. Ndiyo maana nashauri pipa. Likate pipa la lita 200 nusu kwa nusu, toboa matundu chini, ulipake chokaa kwa nje ili lisichemke juani, na uliinue juu ya mawe maji yapate kutoka. Ndani tia sehemu mbili za udongo mwekundu wa bara, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani usiutie, una chumvi na vipande vya makombe. Wa Lamu hawana udhuru wa samadi, punda wapo. Ila lazima ikae miezi ipoe, la sivyo itaunguza mizizi. Kile kifundo mche ulipobebeshewa kibaki juu ya udongo, na chipukizi lolote litakalotoka chini yake ling'olewe, kwani hilo si waridi lako bali ni la shina mwenyeji, nalo litamla mgeni wake.

Adui wa pili ni maji. Visima vyetu vingi vina chumvi, na mwaridi hauistahamili. Kingo za majani zikikauka kama karatasi iliyopitishwa motoni, ujue ndiyo hiyo. Kinga maji ya mvua wakati wa masika kwa kila chombo ulicho nacho, na mara kwa mara umimine maji hayo mengi mpaka yatoke chini, yaisukume chumvi iliyoganda. Mwagilia asubuhi, shinani, si juu ya majani. Ukungu wa madoa meusi huhitaji jani liloe kwa muda wa saa saba hivi ndipo umee. Usiupe saa hizo. Jani lenye madoa lichumwe na kuchomwa, lisiachwe chini ya mti.

Jua la asubuhi, saa sita hivi, lamtosha. La alasiri liangukie ukuta. Wakati wa kaskazi utitiri hujificha chini ya majani, ukayafanya yawe kama yamenyunyiziwa vumbi. Yarushie maji kwa chini asubuhi mapema. Wakizidi, mwarobaini upo: twanga mbegu, ziloweke usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza.

Kupogoa kwetu kusiwe kwa Wazungu. Wao hukata mpaka karibu na ardhi kwa sababu wana kipupwe cha kuulaza mti. Hapa toa matawi yaliyokufa na yanayosuguana, kisha ondoa thuluthi moja tu ya kimo, ukikata juu ya jicho linalotazama nje. Masika yakiisha ndiyo wakati wake, kwa kuwa tangu kupogoa hadi kuchanua ni wiki sita mpaka nane, na maua yatakukuta katika kusi, hewa ikiwa imepoa. Maua ya kaskazi huja madogo, yakafunguka na kumwagika siku hiyo hiyo. Wapenzi wa maulidi wana hesabu nyingine. Mwaka 2025 Mfungo Sita uliandama mwishoni mwa Agosti, na kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja. Mwenye kutaka maua yake mwenyewe kwenye sinia la maulidi na ahesabu wiki saba nyuma, ashike mkasi.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba mti mmoja utamtoa marashi. Maji ya waridi ya Taif na ya Jabal Akhdar hutokana na waridi la Damaski, si jekundu hili, na kilo moja ya mafuta yake hula petali kwa tani. La kwetu ni la kikuba, la sahani ya udi, la mto wa kitanda. Lichume alfajiri, likiwa limefunguka nusu, kabla jua halijayarusha mafuta yake, na ukate juu ya jani lenye vijani vitano. Ukilinyunyizia dawa ya dukani usilitie chakulani kabisa. Petali zisizotumika zitandaze kivulini juu ya ungo, zigeuze kila siku hadi zikauke, uzifunge katika kitambaa na kuzitia kati ya kanga kabatini.