Kupanda na Kushuka kwa Moyo: Tuliyoyaona Sanya Juu

Katika mkutano wa Kamati uliopita tulipokea ombi ambalo halijapata kuletwa mbele yetu. Mwanachama mmoja, mtu wa makamo, mwenye mikarafuu inayojulikana kwa kuzaa, aliomba iandikwe katika daftari la Chama kwamba asipewe karadha yoyote, wala asikodishe shamba lake mbele yetu, isipokuwa nduguye awepo. Sababu aliitaja bila ya kuona haya: ana maradhi ya moyo kupanda na kushuka, ambayo madaktari huyaita baipola. Wajumbe wengine waliuliza, Je, mtu mzima mwenye akili zake ajifunge mikono mwenyewe? Jawabu ya swali hilo sisi tuliwahi kuiona kwa macho yetu Sanya Juu, katika miteremko ya Kilimanjaro, na twaona yafaa kuwaeleza wanachama wote kabla ya msimu kuanza.

Kwanza tuyaeleze maradhi yenyewe. Hatusemi moyo unaopiga kifuani, bali hali ya nafsi. Kila mwanaadamu hufurahi na kuhuzunika, na hayo si maradhi. Lakini mwenye baipola hupandwa na hali ya juu kwa wiki nzima au zaidi. Hulala saa mbili tatu tu, na asubuhi hana uchovu. Maneno humtoka bila ya kituo, huanza mambo kumi kwa siku moja, hutumia fedha kama kwamba hazina mwisho, na anayemzuia humwona adui. Pengine husikia sauti zisizokuwapo. Kisha hushuka. Kwa wiki mbili au zaidi, pengine kwa miezi, hana hamu ya chakula wala mazungumzo, kuamka kwamlemea, na huenda akatamani kufa. Hali hiyo ya chini huitwa sonona. Baina ya kupanda na kushuka, aghalabu huwa mtu timamu, mwenye busara kama sisi sote.

Maradhi haya si mageni duniani. Ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika kitabu chake cha Qanun juu ya wazimu wa kuchacharika na wa huzuni, akiyahesabu kuwa ni maradhi yenye kutibika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa nayo. Mara nyingi huanza katika ujana, na yanaweza kufuata ukoo. Basi asiseme mtu kwamba jirani yake ameyapata kwa uvivu au kwa utovu wa imani.

Sasa tuje kwenye safari yetu. Februari 2024 wajumbe wanne wa Chama tulikwenda mkoa wa Kilimanjaro kuonana na wakulima wa kahawa, maana ushirika wao wa KNCU, ulioasisiwa mwaka 1933, una mengi ya kuwafunza wakulima wa zao la biashara. Kutoka Moshi tulishika njia ya Arusha, tukafika Bomang'ombe, tukakunja kulia na kupanda hadi Sanya Juu, katika wilaya ya Siha. Huko kuna baridi ambayo sisi watu wa visiwani hatukuizoea, na mlima wauona karibu kana kwamba utaugusa. Tulipokewa nyumbani kwa mkulima mmoja mwenye kahawa, migomba na ng'ombe wa maziwa. Usiku wa pili, saa tatu kamili, mwenyeji wetu aliinuka, akatuomba radhi, akaenda kulala, ingawa wageni bado tulikuwa na hadithi. Mkewe alicheka akasema, "Shemeji zangu, msidhani amewachoka. Usingizi ndio dawa yake ya kwanza." Asubuhi yake bwana huyo mwenyewe alitueleza habari zake, akaturuhusu tuziandike bila ya kumtaja jina.

Miaka kadhaa nyuma, alipokuwa katika hali ya juu, alipatana bei na watu wawili mbalimbali ya kipande kile kile cha kihamba, yaani shamba la ukoo alilorithi kwa babake. Alinunua pikipiki mbili kwa deni, na usiku kucha alikuwa akichimba msingi wa hoteli. Ukoo ulipoizuia ile biashara, aliwaona wezi. Baada ya miezi miwili akashuka. Kahawa ikaiva ikakauka mtini, naye amejifunika blanketi. Majirani wengine walisema ni mvivu, wengine wakasema amerogwa. Mwishowe kakaye alimpeleka hospitali mjini Moshi, na huko ndiko alikopata jina la ugonjwa wake na dawa.

Tulimwuliza kama hakuona taabu kuambiwa aendelee na dawa hata akiwa mzima. Alitujibu kwamba amekulia karibu na Kibong'oto. Hospitali hiyo, iliyo hapo Sanya Juu, ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu. Watu wa huko wajua tangu utoto kwamba kikohozi kukoma si kupona. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, na mwenye kuacha dawa njiani hujirudishia maradhi, pengine yakiwa makali zaidi. "Na mimi nikaona yangu ni vivyo hivyo," alisema, "ila safari yangu ni ndefu zaidi."

Lakini dawa si yote. Nyumba ile ina mapatano yaliyoandikwa katika daftari la skuli, na mapatano hayo yaliandikwa siku ambazo mwenye nyumba alikuwa salama, kwa maneno yake mwenyewe. Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Akiwa juu hasikii shauri, na akiwa chini hana nguvu ya kulitoa. Kwa hivyo shauri lake la siku ya salama ndilo linalomlinda siku nyingine. Mambo waliyoandika ni haya:

Kwanza, kila jioni huandika saa alizolala na hali ya moyo wake kwa namba. Sifuri ni salama, juu yake ni kupanda, chini yake ni kushuka. Akilala chini ya saa tano kwa siku mbili mfululizo, mkewe ana ruhusa ya kumkumbusha, naye ameahidi kutokasirika, na siku ya tatu huenda hospitali.

Pili, hakeshi. Msiba ukitokea huenda mchana. Pombe, hata mbege ya sherehe, ameiacha, kwa kuwa huharibu usingizi na kuipotosha kazi ya dawa.

Tatu, hati za shamba ziko kwa kakaye. Kuuza au kukopa hakufanyiki mpaka zipite siku saba na kakaye atie saini.

Nne, akishuka, dawa za kunyunyizia kahawa hufungiwa nyumba nyingine. Mkewe humwuliza waziwazi kama anafikiri kufa. Madaktari wasema kuuliza hivyo hakumtii mtu fikira hiyo, bali humfungulia mlango wa kusema. Kazi hupewa ndogo ndogo: leo kukata majani ya ng'ombe, kesho kuota jua barazani. Haambiwi "jikaze," maana kama angaliweza angalikwisha jikaza.

Bwana huyo alitwambia kwamba bado hupanda na kushuka, lakini siku hizi ni vilima, si milima. Kihamba chake kipo, na watoto wako skuli.

Tukirudi kwetu, twaona mambo matatu yanayowahusu wakulima wa karafuu hasa.

La kwanza ni msimu wenyewe. Zao letu huja kwa kishindo. Mwaka wa vuno kubwa watu hulala kidogo, huamka alfajiri kuchuma, usiku huchambua makonyo, na fedha nyingi huingia mkononi kwa muda mfupi. Kwa mwenye baipola, kukosa usingizi kwaweza kumpandisha. Juu ya hayo, mtu aliye katika hali ya juu haogopi kitu, naye atapanda mkarafuu hadi tawi jembamba la kileleni. Sote twajua wangapi wameanguka hata wakiwa na akili tulivu. Kadhalika aliyeanzishwa dawa karibuni huweza kuwa na usingizi au kizunguzungu. Wote wawili na wapewe kazi ya chini, kama kuchambua, kuanika jamvini au kupima, na walale usiku.

La pili ni dawa. Iliyo maarufu ni lithiamu, aina ya chumvi itokayo ardhini. Daktari John Cade wa Australia alitangaza mwaka 1949 kwamba inatuliza waliopanda, na hadi leo inasifiwa kwa kuzuia maradhi yasirudi na kupunguza watu kujiua. Lakini hupimwa kwa damu, pamoja na figo na tezi ya shingo, kwa sababu ikizidi mwilini ni sumu. Mwenye kuitumia na akafanya kazi juani anywe maji ya kutosha, asiache chumvi ya chakula ghafula, na asimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki bila ya kumwuliza daktari. Akitapika, akiharisha, akitetemeka sana au akiyumba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Dawa nyingine ni valproeti na kabamazepini, ambazo hutumika pia kwa kifafa. Valproeti huweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hivyo mwanamke mwenye umri wa kuzaa aseme mapema kwa daktari. Wala mtu asiache dawa kwa ghafula kwa shauri lake mwenyewe.

La tatu ni mwezi wa Ramadhani, ambapo kula, kulala na kumeza dawa hubadilika saa. Watafiti wa Morocco walieleza mwaka 2000 kwamba katika wagonjwa 20 waliokuwa wakitumia lithiamu, karibu nusu yao walirudiwa na maradhi katika kipindi cha mwezi huo. Wenzao wa Pakistan, mwaka 2010, hawakuona madhara hayo kwa wagonjwa wao, ambao hali zao zilikuwa zikiangaliwa. Basi jambo hili si la kukisia. Mgonjwa na amwendee daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kisha amwulize shekhe wake. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na kuitumia si aibu. Kadhalika mwenye kutaka kusomewa dua na asomewe, huku dawa zake zikiendelea.

Kwa matibabu, Unguja iko hospitali ya Kidongo Chekundu, inayoshughulika na maradhi ya akili. Aliye mbali aanzie hospitali iliyo karibu naye. Na atakaposema ana huzuni, asisahau kusema pia kwamba aliwahi kupanda, kwani dawa za kuondoa sonona, zikitolewa peke yake, huweza kumrusha juu mwenye baipola.

Sasa twarudi kwenye lile ombi. Kamati imelikubali. Imekubali pia kwamba mwanachama yeyote mwenye kutaka aweze kuleta barua kama hiyo, kwa masharti haya. Barua iandikwe na mwanachama mwenyewe akiwa salama, si na jamaa zake. Itaje jina la mtu mmoja anayemwamini, naye atie saini. Itafungwa ndani ya bahasha na kuwekwa kabatini, isomwe na Katibu na Mwenye Hazina tu. Mwanachama aweza kuiondoa wakati wowote, ila itasimama siku 14 baada ya kusema anaiondoa. Haki yake ya kupiga kura, ya kuuza karafuu zake na ya kuchaguliwa katika Kamati haipungui hata kidogo.

Aliyeuliza kama mtu mwenye akili hujifunga mikono amekwisha pata jawabu. Yule bwana wa Sanya Juu alitoa hati zake kwa akili yake timamu, na ndiyo maana kihamba chake bado ni chake. Twawaomba wanachama waache kumwita mwenzao mwenda wazimu, na wasifanye biashara na mtu wanayemwona waziwazi kuwa amepanda, hata bei ikiwa nzuri namna gani. Barua zitapokewa ofisini kila siku ya kazi, asubuhi, hadi siku ya kufunguliwa msimu. Asiyeweza kuandika na aje na mtu wake, tutamwandikia.