Funza wa Mahindi Ametoka Wapi?

Yule funza anayetoboa bua la mahindi hakuletwa na mvua, wala hakutumwa na jirani mwenye wivu. Ni mtoto wa nondo, yule kipepeo wa usiku.

Hapa Kenya wako hasa wa aina mbili. Busseola fusca ni mwenyeji wa Afrika na hukaa sana sehemu za juu zenye baridi. Hutaga mayai kati ya bua na jani linalolifunika. Chilo partellus alitoka Asia, hupenda sehemu za joto kama Pwani, na hutaga juu ya majani.

Baada ya wiki moja hivi mayai huanguliwa. Funza hula majani machanga ya katikati, halafu huingia ndani ya bua, na huko dawa haimfikii vizuri. Wakati wa kiangazi hulala ndani ya mabua makavu akingoja mvua.

Basi tukishavuna, tusiache mabua shambani. Tuwape ng'ombe. Lakini nondo ana mabawa: mmoja akisafisha na jirani asisafishe, ni kazi bure. Kikundi kipange siku moja, twende shamba kwa shamba.