Wageni Wale, Msitu Ubaki

Mama mpendwa, jiko lako hula kuni kiasi gani? Nchini Nepal, katika bonde la mto Modi chini ya milima ya Annapurna, wageni wapanda milima walitaka chakula cha moto na maji ya kuoga. Misitu ikapungua, na akina mama wakafuata kuni mbali zaidi.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa hifadhi. Nyumba za wageni zikageukia mafuta ya taa, gesi na joto la jua. Vikundi vya akina mama vikapanda miti. Mgeni huombwa kula chakula kimoja na wenzake, kwa wakati mmoja, ili moto uwashwe mara moja.

Nawe leo loweka maharage, funika sufuria. Mungu alitukabidhi bustani tuitunze.